Kanga ya Bi Kindi Isiyo na Jina

Hapo zamani za kale, enzi ambazo tembo alijifunga kanga na kiboko alipaka wanja, palikuwa na mjane mmoja, umbo dogo, mkia mkubwa, akiitwa Bi Kindi. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, tema makapi kwanza, maana kelele hizo zitanipoteza njia.

Kazi ya Bi Kindi ilikuwa kutia kanga rangi. Alichemsha maganda ya miti, akachovya kitambaa, akaanika, akachovya tena, mara saba. Kanga yake ukiifua haichuji, ukiivuta haichaniki. Utajifunga wewe, na mwanao atakuja kujifunga.

Ila alikuwa na kasoro moja: hakujua kuandika. Nanyi mnajua kwamba kanga ina jina lake pale chini, maneno ya kumpiga jirani kijembe au kumbembeleza mume. Za Bi Kindi hazikuwa na neno hata moja. Kwa hiyo wakubwa walizicheka, zikabaki kununuliwa na akina Panya na Pimbi.

Sasa binti yake, Tunu, akaposwa ng'ambo ya mto. Wakwe wakaleta salamu: "Ijumaa tunakuja kumchukua bibi harusi, ukoo mzima, na chakula cha mchana tutakula hapo kwenu."

"Mama," akasema Tunu, "nani atanyanyua masufuria?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Shughuli ya ukoo mzima inataka masufuria ambayo Bi Kindi angeweza kuogelea ndani yake. Panya hawezi kuyanyanyua, Pimbi hawezi, Digidigi akijaribu atavunjika kiuno. Na wakwe wakirudi na njaa siku ya kwanza, mwari atasimangwa mpaka meno yamtoke.

Kijiji kile kilikuwa na mila yake. Mwenye shughuli hugawa sare ya jikoni, kanga za namna moja. Ukiivaa sare ile, wewe ni mpishi. Hukai mkekani mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono. Ukikaa, utazomewa hadi kwenu. Panya, Pimbi na Digidigi walishapokea zao. Bi Kindi akaunga vitambaa, akapata kanga tatu kubwa za kufunika paa la nyumba, akazikokota, kwaru, kwaru, mpaka barazani kwa Bi Tembo. Pale aliwakuta mashoga watatu wakipiga soga: Bi Tembo mwenyewe, Bi Kiboko na Bi Nyati.

"Hodi!"

"Karibu! Nani huyo? Mbona simwoni mtu?"

"Niko huku chini, Bi Tembo. Shikamooni dada zangu. Ijumaa namwoza Tunu. Nimewaletea sare, mje mnishike mkono jikoni."

Bi Tembo aliinua pindo la kanga kwa ncha ya mkonga, kama anayeokota panya aliyekufa. "Rangi gani hii? Tope?"

"Tope nalijua mimi," akasema Bi Kiboko. "Tope lina afadhali."

"Na jina lake liko wapi?" akauliza Bi Nyati. "Kanga gani haisemi kitu? Nikiivaa hii, nitamkera nani?"

"Sikiliza, Bi Kindi," akamaliza Bi Tembo. "Sisi shughulini tunakuja kula. Tuwekee mkeka wa mbele. Na sinia tatu, kila mtu na yake."

"Kha kha kha!" wakacheka, hadi vumbi likaruka barazani.

Bi Kindi akazikokota kanga zake akarudi nazo. Njiani akalia. Jamani, lilimuuma! Mara saba kachovya, mikono imebabuka kwa maji ya moto, halafu mtu anakuambia tope lina afadhali.

Alipofika nyumbani akakaa juu ya zile kanga, akafuta machozi kwa mkia, akaanza kufikiri. Hivi wale wanawake wanataka nini? Hawakuishika kanga wakapima uzito wake. Hawakuivuta. Bi Nyati kauliza atamkera nani. Bi Tembo anataka sinia yake peke yake.

"Ahaa!" akaruka juu. "Hawa hawataki kanga. Kila mmoja anataka kumzidi mwenzake! Basi hicho ndicho nitakachowauzia."

Asubuhi yake akachukua kapu jipya lenye kifuniko, akaikunja kanga moja, akainyunyizia asumini, akaifukiza udi. Akaliweka kapu mlangoni, akakaa pembeni yake akisubiri Chiriku apite.

Chiriku mnamjua. Ukimpa habari uji ukiwa motoni, kijiji kizima kinayo kabla uji haujapoa.

"Bi Kindi, kuna nini humo?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, mbona umekifukiza udi?"

"Ah, Chiriku nawe! Haya, nakuambia wewe tu, lakini usimwambie mtu. Ni kanga ya peke yake. Duniani iko moja."

Chiriku akachungulia. "Mbona haina jina?"

"Ndiyo utukufu wake! Mtu asiyejulikana ndiye anahitaji kanga imsemee. Mtu anayejulikana, kanga yake hunyamaza."

"Lo! Na nani atainunua?"

"Hainunuliwi ovyo. Yenyewe ndiyo humchagua mtu. Na si kila mkubwa ana kimo cha kuivaa. Sasa nenda, na mdomo ufunge."

Prrr! Chiriku huyoo.

Haukupita muda, gudu, gudu, gudu, Bi Tembo akatokea, yuko peke yake, anageuka nyuma kila hatua kuangalia kama anafuatwa.

"Nilikuwa napita tu," akasema.

"Pita salama, dada."

"Nimesikia... una kapu."

Bi Kindi akafunua kifuniko kidogo, upana wa kidole. Harufu ya udi ikatoka. Bi Tembo akaingiza ncha ya mkonga, akafumba macho.

"Rangi yake... kama ardhi baada ya mvua ya kwanza."

"Dada, una jicho wewe!"

"Lakini mbona kama nimewahi kuiona mahali?"

Hapo Bi Kindi nusura anaswe! Lakini ulimi haukukwama. "Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Asiyestahili haimjii kama kitu anachokijua. Imekuchagua."

"Imenichagua!" Masikio ya Bi Tembo yakapepea. "Bei gani?"

Pa! Bi Kindi akafunga kifuniko. "Bi Tembo! Mtu kama wewe kuuliza bei? Na kanga imesikia!"

Bi Tembo akaona aibu ya kufa. Akaagiza magunia matatu ya mchele yaletwe hapo hapo, bila kuulizwa.

"Masharti ni mawili," akasema Bi Kindi. "Usimwonyeshe mtu mpaka Ijumaa shughulini. Na ukishajifunga, usiivue mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono. Ukiivua kabla, imekukataa, na Chiriku atajua."

"Naapa!" akasema Bi Tembo, akaondoka na kapu amelikumbatia kama mtoto.

Adhuhuri akaja Bi Kiboko kwa mlango wa uani, akakuta kapu jingine, akaacha madebe mawili ya samli. Alasiri akaja Bi Nyati, akakuta kapu la tatu, akatoa kuni za kupikia wiki nzima. Kila mmoja aliapa, na kila mmoja aliondoka akijichekea.

Tunu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amesikia yote. "Mama, si umewadanganya?"

"Nimedanganya nini? Nimesema haina jina, kweli haina. Nimesema wataivaa Ijumaa, wataivaa."

"Umesema iko moja duniani."

"Aa, hapo niliteleza kidogo," akasema Bi Kindi, akaenda kupima mchele.

Ijumaa ikafika. Wakwe wameshaonekana kwenye kivuko, ngoma inalia, na jikoni masufuria yako mafigani matupu, maana hakuna wa kuyabebea maji. Panya anazunguka na kikombe. Bi Kindi kila mara anachungulia njiani. Mpango wake ulikuwa na tundu moja kubwa: je, wale wanawake wakikasirika wakageuza kurudi kwao? Hapo harusi ya Tunu imekwisha.

Bi Tembo akaja kwa njia ya mashariki, anatembea kwa maringo, kanga inamtiririka. Bi Kiboko akaja kwa njia ya mtoni. Bi Nyati akatokea mbugani, shingo juu. Wakakutana uani.

Kila mmoja akaitazama kanga ya mwenzake.

"Hiyo umeitoa wapi?" akauliza Bi Tembo.

"Wewe hiyo yako umeitoa wapi?" akauliza Bi Kiboko.

"Yangu iko moja duniani!" akasema Bi Nyati.

Kabla hawajamaliza kukodoleana macho, mlango wa jikoni ukafunguliwa. Wakatoka Panya, Pimbi na Digidigi, na kanga zao ni zile zile. Rangi ile ile. Hazina jina.

"Mama yangu!" akasema Bi Nyati. "Sare ya jikoni!"

Na wakwe ndio wanaingia. Mbele yuko mzee wao, Kindi mwenye mvi, akasimama akashika kifua. "Mashaallah! Ukoo gani huu tumeuoa? Bi Tembo mwenyewe kavaa sare ya jikoni! Na Bi Kiboko! Na Bi Nyati!"

Lililililiii! Wanawake wa ng'ambo wakapiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka.

Bi Tembo akainama taratibu, akamnong'oneza Bi Kindi. "Nitakukanyaga."

"Ukinikanyaga, nani atakuonyesha vitunguu vilipo?" akajibu Bi Kindi.

Bi Tembo akatazama mkeka wa mbele. Akikaa, atazomewa. Akiivua kanga, amevunja kiapo, na Chiriku huyo hapo juu ya mti, shingo ameinyoosha. Akawatazama wakwe, nao bado wanamsifu, "Mwanamke wa shoka! Mkubwa asiye na makuu!" Nazo sifa, jamani, ni tamu hata ukizipata kwa bahati mbaya.

"Haya!" akapaza sauti. "Kisu kiko wapi?"

Mngeiona kazi ya siku ile! Bi Tembo alibeba sufuria mbili kwa mpigo. Bi Kiboko akateka maji, chubwi, chubwi, madumu kumi kwa safari moja. Bi Nyati akavunja kuni kwa pembe, ta! ta! ta! Pilau likaiva, harufu ikavuka mto. Wakwe wakala, wakaongezewa, wakaongezewa tena, wakanawa mikono. Tunu akaondoka kwa ngoma, anacheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa na neno la kumsimanga.

Wageni walipokwisha kuvuka, wale watatu wakajitupa chini, hoi bin taabani.

"Kindi! Njoo hapa!" akanguruma Bi Tembo. "Umetufanya wajinga."

Bi Kindi akasogea, akasema kweli. "Ndiyo, dada zangu. Kanga hizo ni zile zile mlizoziita tope. Niliwaletea kwa adabu mkazitupa. Nikazifukiza udi mkaziapia."

"Nirudishie kuni zangu!" akafoka Bi Nyati.

"Dada, umezichoma mwenyewe."

Bi Nyati akageuka kulitazama jivu mafigani.

Bi Kiboko hakuwa akisikiliza. Kanga yake ilikuwa imelowa kisimani tangu asubuhi, sasa alikuwa anaikamua, anatazama maji yanavyodondoka. Meupe pee. Akaikamua tena. Akaivuta kwa meno. Haikuchanika.

"Mbona hii haichuji?" akauliza.

"Haichuji, dada. Imechovywa mara saba."

"Ile niliyonunua mwezi jana, yenye jina kali la kuwachoma watu," akasema Bi Tembo kwa sauti ya chini, "jasho la kwanza tu ilinimwagikia rangi. Nilishinda wiki nzima na tumbo la bluu. Sikumwambia mtu."

"Yangu ilipasuka nilipopiga chafya," akakiri Bi Nyati.

Wakakaa wanapapasa kanga zao, mmoja baada ya mwingine, kwa mara ya kwanza wanapima uzito wake. Hasira haikuwatoka yote, lakini ilianza kushuka.

Kila mmoja alipoinuka kwenda kwake, Bi Kiboko akajichelewesha makusudi, akainama kwenye sikio la Bi Kindi. "Niwekee doti mbili nyingine. Na Bi Tembo asijue."

"Nimekusikia!" akapiga kelele Bi Tembo kutoka njiani. "Mimi niwekee tatu!"

Nanyi wanangu, mkiwa wauzaji au wanunuzi, shikeni hili: maneno huiuza kanga siku ya kwanza, lakini maji ya kufulia ndiyo huiuza siku ya pili.