Khitma Chini ya Paa la Liwali

Palikuwa na Liwali mmoja akiitwa Khelef. Jina la mji silitaji, maana wajukuu zake wapo na kazi yao ni kushtaki watu. Nyumba za mtaa mzima wa nyuma ya soko zilikuwa zake. Kodi alikuja kuichukua mwenyewe, mkono kwa mkono, huku anatabasamu. Ukimtajia ukarabati, tabasamu linakwenda zake.

Wapangaji walilalamika mpaka akachoka kuwasikia. Akapigisha mbiu ya mgambo: atakayesema nyumba ya Liwali inavuja, amemsingizia Liwali, na afungashe virago siku hiyo hiyo. Na atakayepanda juu kuziba tundu kwa mkono wake, naye afungashe, kwa kuwa amegusa mali isiyo yake.

Basi watu wakanyamaza. Masika ukipita mtaa ule unasikia ti, ti, ti kila nyumba, masufuria yametegwa, na hakuna anayesema neno. Mtu mzima anaoga kitandani kwake, ukimuuliza habari anakwambia nzuri.

Isipokuwa Bi Mize. Huyu alikuwa mjane, muuza mikate ya ufuta, na ulimi wake ungefua nazi. Aliishi na mama yake, kizee asiyeona. Siku godoro la mama lilipolowa chapachapa, Bi Mize alikwenda akasimama katikati ya soko.

"Nyumba yangu inavuja," alisema. "Tena si kidogo. Mvua ikinyesha, tukitaka kukauka tunatoka nje."

Neno likafika kabla mikate haijapoa. Bi Mize akaitwa barazani.

"Umesema nyumba yangu inavuja?" Liwali akauliza.

"Nimesema."

"Basi hama leo."

"Masika haya, na mama mkongwe asiyeona, nihamie wapi?"

"Hilo usiniulize mimi. Au ufute maneno yako mbele za watu."

Bi Mize aliogopa, nisiwafiche. Hakuwa na ndugu wa kumpokea, na mama yake alikuwa na kifua. Akafikiri kidogo.

"Nitayafuta, Liwali. Alhamisi namsomea khitma marehemu mume wangu, pale pale nyumbani. Wakubwa wa mji watakuwepo. Ukija na wewe, nitayafuta mbele yao wote."

Liwali akafurahi. Aombwe radhi, na pilau juu yake.

Sasa khitma mnaijua. Mkubwa hachagui pa kukaa, hukalishwa. Anatandikiwa mkeka mpya, anawekewa mto wa kuegemea, na akishakaa hainuki mpaka dua ifungwe. Kuinuka katikati ya khitma ya mtu, heri umtukane marehemu. Asubuhi ya Alhamisi, Bi Mize aliondoa sufuria lake kubwa pale ukumbini, na hapo hapo lilipokuwa akatandika mkeka wa Liwali. Mimi simsingizii kitu. Mkeka si lazima utandikwe mahali?

Watu wakaja baada ya alasiri, wingu limeshaiva. Wanaume wakakaa ukumbini, Maalim Kombo msimamizi wa khitma akagawa juzuu. Bi Mize na wanawake wenzake walikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Sauti yake ikatoka.

"Waungwana, mimi Mize nilisema nyumba hii inavuja. Nimefuta. Nyumba ya Liwali haivuji."

"Alhamdulillahi," akasema Liwali, akaegemea mto.

Mvua ikaanza.

Tone la kwanza lilimpata kwenye kilemba. La pili shingoni. Baada ya hapo hayakuhesabika. Maalim Kombo aliona, akainamia juzuu yake. Wote wakainamia juzuu zao. Siku ile hata wasiojua kusoma walizama kwenye kurasa.

"Bi Mize," akaita Liwali kwa upole.

"Labeka, Liwali."

"Nisogezee mkeka kidogo."

"Kuna nini hapo?"

Liwali akatazama huku na huku.

"Pana joto."

"Pole sana. Nakuletea upepeo."

Mkono ukatoka nyuma ya pazia na upepeo. Liwali akajipepea, maji yakimchuruzika mpaka ndevuni.

"Bi Mize, kanzu yangu imelowa."

"Jasho hilo. Si umesema pana joto?"

"Jasho halidondoki kutoka juu, bibi wewe."

"Kwani hapo kinachodondoka ni nini, Liwali? Mimi niko nyuma ya pazia, sioni. Nieleze."

Liwali akauweka upepeo chini. Akamgeukia Maalim.

"Maalim, tufunge dua."

"Bado Yasini, Liwali."

Ikasomwa Yasini, taratibu, kwa matuo yake yote. Kisha Maalim akainua mikono kuomba dua, na Liwali naye akainua yake, viganja juu kama inavyotakiwa, vikajaa maji. Wala hakuweza kujifuta uso. Maalim, ambaye naye alikuwa mpangaji mtaa huo huo, aliwaombea maiti, akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri na waliokwisha kurudi safari. Mwisho akaomba mvua ya heri. Watu wakaitikia amin kwa nguvu kabisa.

Ndipo kipande cha makuti kilichooza kikaachia, pamoja na maji yote kiliyokuwa kimeyashika huko juu, kikamshukia Liwali kichwani. Kilemba kikaanguka. Liwali akasimama wima mbele ya wakubwa wa mji.

"Nyumba hii inavuja!"

Maalim akafunga juzuu yake polepole. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nyuma ya pazia Bi Mize akakohoa kidogo.

"Liwali, mimi langu nimeshalifuta. Hilo ni lako, na wamelisikia. Unafungasha leo, au kesho unatuletea fundi?"