Pipa Lililojaa Mpaka Shingoni

Wapendwa, leo naanza na pipa. Najua wengine mmezoea mahubiri yaanzie mbinguni, lakini ya leo yanaanzia jikoni.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mponda kokoto. Kazi hiyo mnaijua. Unakaa juani, jiwe umelizungushia pete ya mpira wa tairi lisikuponyoke, nyundo mkononi, unaponda tangu asubuhi mpaka ndoo zijae, halafu mwenye lori anakuja na kukupa bei aipendayo yeye. Mama huyo alikuwa na binti wa miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na wadogo zake wawili. Moyoni aliweka nadhiri moja: wanangu hawataijua shida. Nadhiri nzuri, au siyo? Naona kina mama mnatikisa vichwa. Ngojeni kidogo.

Jikoni kwake palikuwa na pipa la bluu lenye mfuniko. Ukilifunua, mchele mweupe umejaa mpaka shingoni. Kumbe ukizamisha kiganja tu unakutana na kanga kuukuu, na chini ya kanga ni pumba, pumba tupu mpaka kwenye kitako. Kila jioni, watoto hawajarudi shule, mama alinunua kilo moja na robo, akaimimina juu, akaisawazisha kwa kiganja. Kuchota alichota yeye mwenyewe. Miaka minne. Watoto walijua kwao kuna pipa lisiloisha, na majirani nao wakajua hivyo hivyo. Mama alifurahi sana kuwaona wanawe hawana wasiwasi.

Mwaka huo shule ikatangaza ziara ya mbugani. Binti akataka kwenda.

"Mwanangu, safari hii tungesubiri kidogo," mama akasema.

"Kwa nini, mama? Sisi siyo maskini. Pipa si hilo, limejaa!"

Mama afanye nini? Aifunue kanga? Aliiacha pale pale. Akaenda machimboni hata Jumapili. Naam, Jumapili zile ambazo sisi hapa tulinong'ona kwamba siku hizi fulani amepoa, haonekani kanisani. Jumapili ya tatu, mikono imechoka, nyundo ikaliacha jiwe ikatua kwenye vidole vyake.

Alivifunga kwa kitambaa, akaendelea kuponda siku nne. Mkono ukavimba mpaka kiwiko. Akaenda zahanati akidhani atarudi kabla ya chakula cha mchana. Wakamkimbiza hospitali kubwa, wakamlaza, wakamkata vidole viwili.

Pale kitandani hakuvililia vidole. Alikuwa akiwaza pipa. Wiki ile alikuwa amebana kidogo kidogo, juu ya kanga palikuwa na kama kilo tano. Wakila kwa kujinyima, watafika siku tano. Mara mbili aliazima simu ya muuguzi ampigie binti, na mara mbili aliirudisha kabla hajabonyeza kitu. Angesema nini? Mwanangu, kwetu hakuna kitu? Aibu ilimziba mdomo.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, binti akaingia wodini anameremeta, na hotipoti kubwa mkononi. Wali wa nazi! Akampakulia mama yake, kisha akazunguka kitanda kwa kitanda.

"Kuleni, mama zangu, msione haya. Kwetu mchele haujawahi kuisha. Kutoa ni moyo."

"Mama, umezaa!" wagonjwa wakasema. "Huyu ndiye mtoto."

Binti akamwinamia mama yake. "Hata jirani nimempa kilo mbili. Wewe pona tu."

Mama akala. Kila kijiko alijua kimetoka wapi, na alijua pipani kumebaki nini. Niambieni, wapendwa: hapo si ndipo mahali pa kusema? Amshike mkono, amwambie sikioni maneno mawili tu, basi. Lakini wodi nzima inamsifu, na sifa ni tamu. Akameza wali, akameza na maneno. Akasema, "Ahsante, mwanangu."

Kesho yake kikombe kikanasa kwenye kanga. Binti akaivuta, akaona. Alizamisha mkono mpaka begani, akitafuta mchele chini, akatoka na pumba. Akaenda kwa yule yule jirani kuomba unga kidogo. Jirani akacheka, wala hakucheka kwa ubaya: "Nyie wa pipa? Acha utani, mwanangu." Nyumba ya pili, jibu hilo hilo. Jioni ile wadogo zake walikunywa chai ya rangi, bila sukari, wakalala wakiulizana mchele umekwenda wapi.

Baada ya wiki mbili mama akaruhusiwa. Hakumkuta binti nyumbani. Alimkuta machimboni, amevaa sketi ya shule iliyogeuka rangi kwa vumbi, anaponda. Jiwe alilishika kwa vidole vitupu, hana pete ya mpira, maana nani alimfundisha? Kucha zilikuwa zinavuja damu.

"Mwanangu, na shule?"

"Na wewe utaponda kwa mkono upi, mama?"

Mama akaketi chini. Binti akaweka nyundo.

"Wenzako wameniambia. Jumapili zile ulikuwa unapondea ziara yangu. Ni kweli?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Ungeniambia, nisingeomba. Ungenifunulia ile kanga hata siku moja, ningekula nusu, na ningekula nacheka. Mimi sikuwa mtoto mbaya, mama. Umenilisha vidole vyako bila kuniambia."

Mama aliokota kipande cha mpira, akakizungusha kwenye jiwe, akamwonyesha mwanawe namna ya kushika. Hilo ndilo somo la kwanza la gharama ya maisha alilompa, na alilifundisha kwa mkono wa vidole vitatu.

Mnaningojea niseme binti alirudi shule. Natamani. Hakurudi.

Sasa, ndugu zangu, tumwache mama yule, tujitazame sisi. Nani hapa hana pipa? Sisi ndio tunaosema, "Mtoto asome, mengine aniachie mimi." Kijana wako wa miaka kumi na saba anajua bei ya kila simu iliyopo mjini. Muulize kilo ya unga. Muulize ndoo ya maji. Muulize umeme wa wiki unanunuliwa kwa shilingi ngapi, na ulikosa nini ili ununuliwe. Hajui, na sisi ndio tuliomficha. Halafu tunanuna kwamba watoto wa siku hizi hawana huruma! Atahurumia mgongo ambao hajaonyeshwa? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaficha umaskini, na unaowaumbua ni watoto wetu. Tunauita upendo. Mimi naogopa kwamba mwingi wake ni kiburi tu, nami nasema haya nikiwa na pipa langu nyumbani.

Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, nisikilizeni. Leo mkifika nyumbani, msidanganywe na ule weupe wa juu. Zamisheni mkono. Na wewe mzazi, ukimkuta mwanao ameinama penye pipa, mkono umezama mpaka begani, nakuomba kwa jina la Mungu, usimfukuze jikoni. Kaa naye, mhesabu pamoja kilichobaki, kabla nyundo haijateleza.