Wito wa Nungunungu

Paukwa?
Pakawa.
Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale wanyama walikuwa na baraza, hakimu wake Tembo, na mpeleka wito wake Digidigi. Sheria ilikuwa moja: wito hauachwi mlangoni wala jirani hatumwi nao. Sharti mwenyewe ausikie kwa masikio yake.

Basi Fisi akadai shimo la Nungunungu, mjane wa nyika ya mbali, ati lilichimbwa na babu yake. Tembo akatoa siku tatu. Mjane asipofika kujibu, shimo ni la Fisi. Digidigi akaondoka na moyo mzito, kwa kuwa alijua mama yule hana pengine pa kulelea wanawe.

Akaenda, akaenda, akamkuta Kanga.
"Shikamoo, shangazi. Naulizia kwa Nungunungu."
"Hatumjui."

Akaenda, akaenda, akamkuta Ngiri.
"Hatumjui."

Siku ya tatu asubuhi akamkuta Kobe.
"Hatumjui," akasema Kobe, kwa upesi usio wa kobe.

Digidigi akautazama mlango wa Kobe. Komeo lake lilikuwa mwiba mrefu, mweusi kwa mweupe. Akaketi chini kwa uchovu.
"Babu, humjui, na mlango wako unafungwa kwa mwiba wake? Sikuja kumkamata. Leo jua likifika utosini naye hayuko barazani, hana nyumba."

Kobe akaeleza kwamba huko kwao mgeni akimuulizia mtu, wenyeji humkana, kwa kuwa waulizaji wote wa nyuma walileta balaa.
"Tulidhani tunamkinga," akasema, akaelekeza nyuma ya kichuguu.

Nungunungu aliposikia wito hakulia. Aliwaacha wanawe kwa Kobe, akakimbia na Digidigi hadi miiba ikadondoka njiani. Walifika jua limeshapinda, na shauri limekwisha kukatwa. Digidigi akaomba, akaomba, akaomba. Tembo akasikitika, lakini hukumu haikurudi.

Majirani wakaja kumsaidia kuhama, wakilia.
"Mlinipenda, najua," Nungunungu akawaambia. "Lakini mngeniuliza kwanza."

Akashika njia na wanawe. Fisi akahamia, na kabla mwezi haujaandama vifaranga wa Kanga wakaanza kupungua.

Kumficha mtu neno linalomhusu si kumlinda. Ngano yangu imeketi. Aliyesinzia amuulize jirani yake, kama jirani atakubali kusema.