Mzinga wa Ruwa

Paukwa!

Pakawa!

Kipo?

Kipo!

Kimeiva?

Kimeiva, kitue tukione!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka, maana hadithi hii haimtaki mtu wa katikati.

Hapo zamani palikuwa na mtu jina lake Ruwa, na kazi yake ilikuwa kurina asali. Kijiji chake kilikuwa kando ya msitu mkubwa, na ndani ya msitu huo mizinga yake ilining'inia juu ya miti kila upande. Watu walimtania kwamba ana watoto wengi, ila wote wana mbawa.

Ruwa alikuwa na mke, Nyamvula. Alikuwa mzuri, hilo sitaki kulificha. Tena mumewe alimpenda kweli. Kila mzinga uliposhushwa, Nyamvula ndiye aliyechovya mkono wa kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa desturi ya warina asali. Asali haiingii kinywa cha mtu yeyote kijijini kabla mke wa mwenye mzinga hajachovya akaonja.

Ruwa alikuwa na rafiki pia, Chigulu, fundi wa kuchonga mizinga. Chigulu achonge, Ruwa atundike. Wakila, walikula sahani moja, mkono huu na mkono huu, na watu wakawaita pacha.

Basi Ruwa akienda msituni alikuwa akikaa huko siku nyingi. Chigulu akaanza kuja nyumbani kwake. Kwanza alikuja kuuliza habari za magogo. Kisha akaja kuomba maji ya kunywa. Kisha akaja bila sababu, na Nyamvula hakumuuliza sababu. Wahenga walisema, mchovya asali hachovyi mara moja.

Mnanitazama nini? Walifanya ubaya. Toshekeni hapo.

Siku moja Nyamvula akamwambia Chigulu kwamba amechoka kuwa mke wa mtu anayenuka moshi, anataka kuwa mke wake yeye. Chigulu akasema wakienda kwa wazee kudai talaka, wazee watauliza kwa nini, na aibu itawafuata mpaka kaburini. Heri Ruwa asionekane tena. Nyamvula akafikiri, akakubali. Alikubali upesi, na hilo ndilo linalonitia uchungu mimi kila nikiisimulia hadithi hii.

Sasa huko msituni kulikuwa na zimwi. Kichwa chake kikubwa kama jiwe la kusagia, nywele zake zafika magotini, na macho yake hayalali pamoja: moja likilala, la pili li macho. Lilikaa pangoni, likala mbuzi, likala wawindaji, likala na mbwa wao.

Nyamvula akajifunga kanga kiunoni, akaenda mpaka mlangoni mwa pango.

"Nimekuletea habari ya nyama," akasema.

"Nyama gani?"

"Mrina asali. Hupita njia ya mtoni peke yake. Mle, asibaki hata ukucha."

"Ni adui yako?"

"Ni mume wangu."

Zimwi lilikuwa limekula watu wengi, lakini hata mmoja hakuwa ameletwa na mtu anayelala naye kitanda kimoja. Likamtazama mwanamke yule kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Mwisho likasema, "Nenda. Nitamngoja."

Basi siku moja Ruwa akawa anarudi na kibuyu cha asali begani, akalikuta zimwi limekaa katikati ya njia. Akataka kugeuka akimbie. Lakini warina asali wa siku zile walikuwa na sharti moja: ukibeba asali ukakutana na kiumbe njiani, humpiti bila kumwonjesha. Awe mkubwa, awe mdogo, awe rafiki, awe adui. Ukimpita hivihivi, nyuki wako watahama wote.

Ruwa akakata jani, akaweka sega juu yake, akalishika kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. Mikono ilitetemeka. Akasema, "Onja kwanza, bwana. Kisha fanya unalotaka."

Zimwi likaonja. Enyi watoto, zimwi lile tangu kuzaliwa halijapata kupewa kitu. Lilinyang'anya tu. Utamu ukapanda kichwani, ukashuka tumboni, na njaa yote ikasahaulika. Ruwa akapita.

Nyamvula akaja pangoni, akauliza, "Umemla?"

"Sijamla."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimeshiba."

Mara ya pili zimwi likamngoja tena njiani. Ruwa akatetemeka tena, akakata jani tena, akasema tena, "Onja kwanza, bwana." Zimwi likaonja, likalamba na jani.

Nyamvula akaja. "Umemla?"

"Sijamla."

"Kwa nini?"

"Usingizi ulinishika."

Mara ya tatu Ruwa alipofika, hakutetemeka. Alikata jani, akaketi chini, wakala pamoja, mtu na zimwi, kama wazee wawili barazani. Walipomaliza, zimwi likamwambia, "Mrina asali, anayetaka ufe si mimi. Tazama nyumbani kwako."

Ruwa akacheka. Akasema zimwi lisimgombanishe na watu wake, maana mkewe anampenda na rafiki yake ni pacha wake. Akabeba kibuyu chake akaenda zake. Zimwi likabaki limesimama njiani mpaka alipopotea machoni, na hilo lilikuwa jambo geni kwake, kumwonea mtu huruma.

Nyamvula akaja kwa hasira. "Umemla?"

"Sijamla."

"Kwa nini?"

"Ananijua, nami namjua. Mlisema wenyewe, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na huyu, hata kuanza sitaanza."

Nyamvula akarudi akamweleza Chigulu. Chigulu akasema kama zimwi limeshindwa, basi watafanya wao.

Akachagua gogo nene kuliko yote, akalichonga kuanzia asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku, mpaka likawa mzinga mkubwa ambao mtu mzima angeweza kulala ndani. Watu walioupita walishangaa. Chigulu akawaambia ni zawadi ya ndugu yake Ruwa.

Ruwa alipouona alifurahi mpaka machozi. Mnajua mzinga mpya hautundikwi hivihivi. Lazima mwenyewe aupake nta ndani, huku na huku, nyuki wanuse wajue ni nyumba. Basi mchana huohuo, uani kwake, Ruwa akashika donge la nta akaingiza kichwa ndani ya mzinga, akaingiza mabega, akaingia mpaka kiunoni, anapaka.

Sauti yake ikatoka humo ndani: "Chigulu ndugu yangu, umechonga vizuri. Mungu akulipe."

Chigulu alikuwa ameshika tezo yake ya kuchongea. Mkono ukasita. Akamtazama Nyamvula, na Nyamvula akainamisha kichwa tu, kukubali.

Basi. Ruwa akafa palepale, donge la nta mkononi.

Wakamsukuma ndani miguu na yote, wakaziba mzinga huku na huku. Usiku ulipoingia wakaubeba mpaka msituni, wakaufunga kamba, wakautundika juu ya mti mrefu. Walijua kwamba mzinga wa mtu hauguswi na mtu mwingine. Ungeweza kukaa pale mpaka uoze, na hakuna ambaye angetia mkono. Waliona wamefanya akili sana. Lakini mzinga ule ulikuwa umekwisha kupakwa nta.

Nyamvula akarudi kijijini akajitupa chini, akavaa kaniki nyeusi ya msiba, akalia kwamba zimwi limemla mume wake. Wanawake wakalia naye. Chigulu akalia kuliko wote. Masika yakaja, yakapita, na watu wakaanza kusema kwa sauti ndogo kwamba mjane yule bado kijana, na ni vizuri rafiki wa marehemu amsitiri.

Lakini mzee wa kijiji, Mzee Kitsao, akasema hakuna harusi kabla damu ya Ruwa haijadaiwa. Wanaume wakachukua mikuki, wanawake wakachukua michi, wakaenda pangoni kijiji kizima. Nyamvula na Chigulu nao wakaenda, maana wangebakije nyuma?

Mzee Kitsao akaita, "Zimwi! Umemla Ruwa?"

"Sijamla."

"Umemla Ruwa?"

"Sijamla."

"Mara ya tatu nakuuliza. Umemla Ruwa?"

Zimwi likatoka nje. Watu wakarudi nyuma. Likasema, "Sijamla. Niliombwa nimle, nikakataa. Aliyeniomba ni yule pale mwenye kaniki."

Nyamvula akapiga yowe. Akawauliza watu tangu lini neno la zimwi likashinda neno la mfiwa. Watu wakanung'unika, na wengi wakawa upande wake. Ndiyo, nawaambia. Hata mimi ningekuwapo ningekuwa upande wake, kwa maana nani amwamini zimwi?

Zimwi halikubishana. Likasema, "Tangu Ruwa apotee sijaonja asali. Lakini kuna mti mmoja unanukia kuliko mizinga yake yote, nami sikuugusa kwa sababu si wangu. Njooni mwone."

Wakalifuata. Kabla hawajafika wakasikia mvumo. Haukuwa mvumo wa nyuki tunaoujua. Ulikuwa mzito, wa taratibu, kama watu wengi wanaoomba dua kwa midomo iliyofungwa. Walipofika chini ya mti wakaona mzinga mkubwa umefunikwa na nyuki hata mbao haionekani, na asali inatiririka kwenye shina mpaka chini, majani yamelowa. Nyuki wakatua mikononi mwao, wakatua vichwani mwao, wala hakuna aliyeumwa. Watoto wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Mzee Kitsao akavua kofia yake.

Zimwi likapanda, likaushusha mzinga peke yake, likauweka chini polepole kama mtu anavyomlaza mtoto.

Mzee Kitsao akasema, "Huu ni mzinga wa Ruwa, huyu fundi wake hapa aliuchonga tukiona. Mama Nyamvula, wewe ndiwe mkewe. Chovya mkono uonje, nasi tupate kuonja."

"Nina msiba," akasema Nyamvula. "Sili kitamu."

"Desturi ni desturi, mwanangu. Chovya."

"Mkono wangu unauma."

Watu wakaanza kutazamana. Mzee Kitsao hakupaza sauti. "Mara ya tatu nakuambia. Chovya."

Wakazibua mzinga upande mmoja. Nyamvula akapiga magoti. Akanyoosha mkono, ukafika karibu na tundu, ukasimama. Nyuki wote wakanyamaza kwa pamoja, msitu mzima ukawa kimya, na katika kimya kile akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu salamu, "Siwezi. Ruwa yumo humo."

Wakaupasua mzinga. Ruwa alikuwa ndani, nta imemfunika mwili wote kama shuka, uso umetulia kama wa mtu aliyelala mchana. Hakuna kilichooza. Jeraha lake nyuki walikuwa wameliziba kwa nta. Watu wakaanguka chini, wengine wakalia, wengine wakashindwa hata kulia.

Chigulu akataka kukimbia. Nyuki wakainuka, wakamfuata. Hawakumuuma. Walikaa tu juu ya kichwa chake kama wingu, aende asimame, akae ainuke, nao wapo. Akaingia msituni hivyo, na hakuna aliyemwona tena.

Nyamvula akabaki pale chini. Mzee Kitsao akaligeukia zimwi, akasema, "Tumekukosea. Mchukue huyu. Umepewa. Mle."

Zimwi likamtazama Nyamvula kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Watu wakafumba macho. Lakini zimwi likarudi nyuma hatua, na wote wakaona kwamba linaogopa.

"Simli," likasema. "Mimi ni zimwi tu."

Likambeba Ruwa mikononi mpaka kijijini, watu wakafuata nyuma, wakamzika. Nyamvula akafukuzwa, akaenda nchi za mbali, na kila alipofika alikuta watu wamekwisha kujua alilotenda.

Jioni ile watu walifunga milango yao, kama ilivyokuwa kawaida tangu enzi na enzi kwa kuogopa zimwi. Walipokwisha kuweka komeo, kila mmoja akageuka polepole, akawatazama waliomo ndani.

Hadithi yangu natua mzigo wake hapo. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chungu, nirudishieni mwenyewe. Na funzo lake ni hili: kikulacho ki nguoni mwako, na ubaya wa mtu aliyekula nawe sahani moja unaweza kulitisha hata zimwi.