Kinu cha Ubatizo cha Mwalusanga

Hapo kale, hapa kijijini Mwalusanga, kinu kilikuwa chombo cha uani tu, na maji ya ubatizo yalikaa kanisani katika beseni la shaba. Kisha akatawala Mtemi Kalubanda. Mtu mzima, mwenye ngome na mikuki, akaogopa ajuza wanaosali. Alichoma kanisa, akalichukua beseni akawa anaoshea miguu, akamfunga katekista Damiani hadi akafia kifungoni. Akapiga marufuku: atakayesikika akisali atachomewa nyumba naye akiwa ndani.

Marufuku hiyo ilimkuta Skolastika amempakata mjukuu wake, kichanga aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa. Mtoto alikuwa na homa na hakuweza kumeza kitu. Bibi alijua hataishi, lakini kumzika bila ubatizo, kwa sababu tu ya kiburi cha Mtemi, hilo alilikataa kwa hasira.

"Mtemi amechukua ng'ombe wetu," aliwaambia wanawake wenzake. "Mtoto huyu si wake."

Katekista aliwahi kuwafundisha kwamba padre asipokuwapo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza anayekufa. Basi wakakutana uani mchana kweupe, wakashika michi ili kishindo kimeze sauti ya sala. Ulikuwa mwaka wa njaa, hapakuwa na punje ya kutwanga. Wakatia maji.

Kishindo kikawaleta askari wa Mtemi.

"Mnatwanga nini na njaa hii?"

"Maji, baba," Skolastika akajibu.

Wakacheka hadi wakashika mbavu. "Yakilainika mtuite," wakasema, wakaenda zao.

Michi ikaendelea. Skolastika akachota maji kinuni kwa kiganja, akammwagia mtoto kichwani, akambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akamwita Damiani. Jioni mtoto akafa, akazikwa na jina lake.

Kalubanda naye alikufa, maana hata wakatili hufa. Kanisa likajengwa upya, na padre mgeni akaja na beseni jipya linalong'aa. Skolastika akamsimamisha mlangoni.

"Hilo, padre, nawia mikono," akamwambia, akakibingirisha kinu chake hadi ndani.

Na tangu siku hiyo, watoto wa Mwalusanga hubatizwa kinuni. Kwingine, ukisema mtu anatwanga maji kwenye kinu, umemwita mpumbavu. Hapa usithubutu kusema hivyo. Utaulizwa wewe ulibatizwa wapi.