Wifi, Nionjee

Wapendwa, joto hili la Januari mnalipepea kwa vitabu vya nyimbo, nami nimeliona tangu nipande hapa mimbarani. Sitawachosha. Nataka tu niwasimulie habari ya mama mmoja na ndoo yake ya juisi.

Kulikuwa na mama mmoja, tumwite Mama Kezia. Ameolewa katika ukoo mkubwa, na ukoo ule ulikuwa na desturi yake: kila mwaka, kabla watoto hawajarudi shule, wote hukutana nyumbani kwa bibi mzaa baba. Watu arobaini, wakati mwingine hamsini. Mmoja analeta mchele, mwingine anachinja mbuzi. Kazi ya Mama Kezia tangu alipokuwa bibi harusi ilikuwa moja, juisi ya malimau. Alikamua malimau, akatia nanasi, akatia pasheni na tangawizi kidogo, akaizika ndoo kwenye beseni la barafu. Watoto walimwita Mama Malimau, na wengine nadhani hawakulijua hata jina lake lingine.

Sasa, miaka mitatu iliyopita mama huyu aliugua homa kali. Akapona. Akarudi shambani, akarudi kwaya. Lakini kuna kitu kimoja hakikurudi. Ulimi wake ulikuwa kama umekufa. Akilamba sukari, akilamba unga, yote mamoja. Pua nayo ikafunga, hata kitunguu kikiungua hajui mpaka aone moshi.

Mnadhani alimwambia nani? Hakumwambia mtu. Hata mumewe hakumwambia. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa. Mtu aliyejulikana kwa mkono wake, siku mkono ukiharibika, atabaki nani? Hebu jiulize wewe unayejulikana hapa kwa sauti yako, au kwa nguvu zako. Siku ikiondoka utamwambia nani?

Basi akawa anatengeneza kwa kukumbuka. Malimau arobaini, sukari kilo mbili, maji mpaka kwenye alama ya ndoo. Mwaka wa kwanza akapita salama. Mwaka wa pili akaona kukamua kwa mkono kunachelewesha, akayatupa malimau kwenye blenda na mbegu zake na maganda yake. Ninyi mnaojua jikoni mmeshaelewa. Ilitoka chungu kama mwarobaini.

Watu wakanywa. Wakamtazama, wakatabasamu. "Mama Kezia, mkono wako haujawahi kutuangusha." Mtu mmoja tu, wifi yake, dada wa mumewe, aliyeitwa Perpetua, alipiga funda moja akaweka glasi chini. Akasema mbele ya watu wote, "Wifi, hii umeionja?"

Mama Kezia akahisi kama amevuliwa nguo. Akajibu, "Kama huitaki, maji ya mtungi yapo." Kuanzia siku hiyo wawili hao hawakusalimiana. Mwaka mzima. Mmoja akiingia dukani, mwingine anatoka.

Ukafika mwaka huu. Asubuhi ya siku ya mkutano Mama Kezia yuko peke yake jikoni kwake, kwenye ua mmoja na bibi, ndoo imejaa. Mara hii amekamua kwa mkono vizuri. Lakini mananasi aliyanunua juzi, yakalala siku mbili kwenye lile joto. Akayainamia anuse, hakusikia kitu. Akachota juisi kwa kijiko, akaizungusha mdomoni, ikawa kama maji. Je, mananasi ni mazima au yameharibika? Hakuweza kujua. Na ndoo ile wangekunywa watoto wadogo, angekunywa na mama mkwe wake mwenye miaka themanini na kitu, ambaye tumbo lake kila mtu alilijua.

Akafikiri amwite jirani aonje. Akaacha, kwa sababu jirani alikuwepo mwaka jana na alisema tamu. Akafikiri amwite binti yake. Naye alisema tamu. Akawapitia watu wote moyoni mwake, mmoja mmoja, na wote walikuwa wamesema tamu. Ulimi uliobaki wa kuaminika ulikuwa mmoja tu. Nanyi mnajua ulikuwa wa nani.

Wapendwa, kutoka jikoni kwa mama huyu mpaka kwa wifi yake ni mwendo wa kuvuka uwanja wa mpira. Lakini siku ile uwanja ulikuwa mrefu. Alichota juisi kwenye kikombe, akafunika kwa kisahani, akajitanda kanga, akatembea.

Alimkuta Perpetua anapiga pasi nguo za kuendea mkutanoni. Perpetua akainua macho.

"Hodi wifi," akasema Mama Kezia.

"Karibu."

Hakukaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni, maana aliona akikaa atashindwa. "Wifi, ulimi wangu ulikufa ile homa iliponishika. Sisikii ladha, sisikii harufu. Miaka yote hii sijui ninachowapa watu. Naomba unionjee."

Perpetua akazima pasi. Akapokea kikombe, akaonja, akatoka nje akatema. "Nanasi limechacha, wifi. Hii usimpe mtu."

"Na ile ya mwaka jana?"

"Ilikuwa chungu. Sana."

"Mbona wenzako wote walisema nzuri?"

Perpetua akaweka kikombe chini. "Wanakupenda, wifi. Lakini na mimi nilikosea. Ningekuita pembeni nikuulize taratibu. Nilikuuliza mbele za watu, nikakuaibisha. Nisamehe."

Mama Kezia alilia pale mlangoni, na hakikuwa kilio cha hasira. Miaka mitatu alikuwa amebeba mzigo ule peke yake, na sasa mtu mwingine alikuwa ameushika upande wa pili.

Wakarudi pamoja. Wakaimwaga ndoo yote. Wakaagiza malimau mengine, nanasi jipya, wakaanza upya saa nne ya asubuhi. Mmoja anakata, mwingine anakamua. Mama Kezia anachuja kwa kitambaa, Perpetua anaonja. "Bado kidogo sukari. Hapo. Sasa tangawizi. Acha, acha, imetosha." Saa saba wageni walipofika, wale wawili walikuwa bado wanacheka jikoni, na watu wakaulizana kuna nini.

Kabla ya kumimina, Mama Kezia alisimama mbele ya ukoo wote akawaambia ukweli wake. Akasema, "Juisi hii mikono ni yangu, ulimi ni wa wifi yangu."

Mama mkwe wake, yule bibi, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mwanangu, mwaka jana glasi yangu niliimwaga kwenye maua. Nilidhani ninakusitiri. Kumbe nilikuacha peke yako."

Wapendwa, nawaona mmetulia. Mlikuwa mnangoja niwaambie muwe jasiri kama Mama Kezia, mkaseme udhaifu wenu. Ni neno jema, na mwenye kulihitaji alichukue. Lakini sikulileta kwa ajili hiyo. Leo nasema na wale arobaini waliosema tamu.

Ndio sisi. Tunamwona ndugu yetu anapotea, tunampigia makofi. Tunaona ndoa ya mwenzetu inaungua, tunauliza habari za watoto tunapita. Tunauita huo ni upendo, tunauita ni heshima. Kwa nini basi yule mama, siku aliyohitaji msaada, hakuweza kumwendea hata mmoja wetu? Alimwendea mtu aliyekosana naye, kwa sababu huyo hakuwahi kumdanganya.

Lakini msikate tamaa. Mungu hakumwacha mama yule, na ukoo ule haukuvunjika siku ukweli uliposemwa. Ulipona. Kuna mtu umemwonea haya mwaka mzima. Wiki hii mtembelee. Mkae wawili, useme kwa upole, na useme kweli.

Na mimi mchungaji wenu, kila Jumapili mnanipa mkono pale mlangoni mnasema, "Mahubiri mazuri, mchungaji." Nashukuru. Leo yeyote aliyeona mahali nilipokosea, asinipe mkono. Anisubiri ofisini, nitampa kiti.