Fundi Aliyeinyamazisha Swichi

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, mziweke magotini. Kuna habari ya mtu mmoja nataka muisikie kabla hatujasogea mbele.

Kulikuwa na fundi mmoja, jina lake Ambakisye, akiishi kwenye milima ya baridi kama hii yetu. Alifanya kazi katika kituo wanakopelekwa watu waliopata kiharusi ili wajifunze upya kutembea. Kituo kile kilikuwa na bwawa dogo lililojengewa kuta na paa, na maji yake yalipashwa moto kwa mashine ya gesi. Mnajua mwili uliopooza unavyokaza ukikutana na baridi. Kwenye maji ya moto mguu unalegea, mtu anathubutu kuunyanyua. Kwa hiyo ile mashine haikuwa anasa. Ikilala, watu hawafanyi mazoezi, na wasipofanya mazoezi wanarudi nyuma.

Mashine yenyewe ilikuwa imezeeka. Ambakisye aliitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa maziwa: alisafisha chujio, alisugua kutu, alibadilisha mipira iliyovuja. Tena alikuwa na sababu yake. Mmoja wa wagonjwa waliokuwa wakiingia bwawani alikuwa mama yake mzazi. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono wa kulia na usemi. Mkono ulikuwa bado mzito, lakini maneno yalikuwa yameanza kurudi, moja moja.

Mvua zikaingia, na mashine ikaanza matata. Inawaka vizuri, inanguruma kidogo, halafu inazima. Anaiwasha tena, inazima tena. Akakagua pampu, maji yanapita. Akakagua gesi, inakuja. Akafuata waya mmoja mmoja mpaka akafika kwenye swichi ndogo iliyokaa karibu na pale moto unapowakia. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikikata. Na kazi ya swichi ile ni moja tu: moto ukitoka nje ya mahali pake, yenyewe inazima mashine yote.

Sasa ungekuwa wewe, ungejiuliza nini? Ungejiuliza kwa nini moto unatoka nje, sivyo? Hata yeye alianza kujiuliza hivyo. Lakini Dada Tusekile, mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa akiongoza kituo, akamkuta palepale amechuchumaa.

"Fundi, maji ni ya baridi tangu juzi. Wagonjwa wangu wanatetemeka."

"Kuna swichi inasumbua, Dada. Nadhani imezeeka."

"Sasa kesho tunaingia au hatuingii?"

"Mtaingia."

Ameshasema. Na sisi tunajua jinsi neno likishatoka mdomoni linavyotuburuta. Akachukua kipande cha waya, akaunga dairekti, kama wasemavyo mafundi wetu. Umeme ukawa unapita bila kuiuliza ile swichi chochote. Akawasha. Mashine ikawaka, ikaendelea kuwaka.

Asubuhi maji yakawa ya moto. Wagonjwa waliimba wakifanya mazoezi, kama walivyozoea. Dada Tusekile alikuja kumpa mkono. Mama yake alimtazama kutoka majini akatabasamu kwa ule upande wa uso uliokuwa hai. Niambieni, siku ile nani angemwambia kwamba amekosea?

Haikupita wiki. Ambakisye akachungulia moto, akaona si wa bluu tena, umeingia njano, na bati la juu limeshika masizi. Akasema moyoni, nitaisafisha mvua zikipungua. Kichwa kikaanza kumuuma kila akikaa kwenye chumba cha mashine. Akanywa dawa ya kichwa, akaendelea na kazi. Halafu siku moja akimlisha mama yake uji, mama akalisogeza bakuli kando, akamshika mkono.

"Mwanangu," akasema, kwa taabu. "Maji... kichwa."

"Ukiingia majini kichwa kinauma, mama?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ni mvuke tu huo, utazoea. Usimwambie Dada, atakuzuia kuingia."

Mama akautazama uso wa mwanawe, akalivuta bakuli, akala. Hakulisema tena neno lile.

Ikafika asubuhi ya mvua kubwa yenye upepo. Madirisha yote ya bwawani yalikuwa yamefungwa ili joto lisitoke. Ambakisye akavuka uwanja kwenda stoo kuleta mtungi wa gesi. Aliporudi akasimama, mtungi begani. Hasikii wimbo. Akadhani wamepumzika. Akasikiliza tena. Hakuna sauti ya mtu, wala ya maji. Akautua mtungi chini, akafungua mlango.

Mama yake alikuwa ameshikilia bomba la ukingoni, amefumba macho, kidevu kinagusa maji. Dada Tusekile alikuwa amepiga magoti majini, amewaegemeza kifuani wazee wawili, anajitahidi kuviinua vichwa vyao huku cha kwake kikianguka.

Ambakisye akaruka majini akamkamata mama yake.

"Zima mashine," Dada Tusekile akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea usingizini.

"Namtoa mama kwanza."

"Zima, Ambakisye. Utatuzika wote."

Mnamwona mtu huyu alipofika? Amwache mama yake pale, maji yakimgusa mdomo, aende kuzima kitu alichokiwasha kwa mkono wake mwenyewe. Akaupitisha mkono wa mama nyuma ya bomba ili asizame, akakimbia. Akafunga gesi. Akarudi na benchi, akavunja madirisha. Akawatoa, akawalaza kwenye nyasi, mvua ikiwanyeshea, na wapishi wakatoka jikoni kuja kumsaidia. Wa mwisho kutoka alikuwa Dada Tusekile, na wakati huo alikuwa hajitambui.

Daktari alisema ni hewa ya sumu, haina rangi, haina harufu. Moto ukikosa pumzi huitoa, na ilikuwa ikipenya kutoka chumba cha mashine hadi bwawani kwa tundu la ukutani, pale mabomba ya maji yanapopita. Kwa rehema za Mungu, hakufa mtu.

Kesho yake Ambakisye alipanda juu ya paa, akalifungua bomba la kutolea moshi. Ndege walikuwa wamejenga kiota ndani yake, nyasi juu ya nyasi, mpaka limeziba. Moshi ulikosa njia ya juu, ukarudi chini, ukausukuma moto nje. Akashuka, akaichomoa ile swichi, akaipima. Haikuwa na kasoro yoyote. Katika mashine nzima ile kuukuu, kitu kilichokuwa kizima kabisa ni kile alichokinyamazisha.

Alikwenda hospitalini, akamweleza Dada Tusekile yote, hata ule waya. Dada akasema, "Na mimi sikukuuliza umetengenezaje. Nilitaka maji ya moto tu."

Mama yake alipona, anakula, anakaa kwenye jua. Lakini yale maneno yaliyokuwa yameanza kurudi yalikwenda. Mwanawe anavuta kiti karibu naye. "Mama, kichwa kinauma? Niambie, mama." Mama anamtazama tu.

Wapendwa, sisi hatukuumbwa bila swichi. Mungu ametuwekea, na nyingine amezipa midomo. Ni mke anayekuuliza kwa nini siku hizi hulali. Ni mtoto aliyesema, "Baba, ukirudi umelewa naogopa." Ni yule rafiki aliyekuvuta kando akakuambia kuwa safari unayoianza haina mwisho mwema. Ulimjibuje? Hukumuuliza ameona nini. Ulitafuta namna ya kumfanya anyamaze: ukamkaripia, ukamcheka, ukamwambia atazoea. Naye akazoea. Akala uji wake, akakaa kimya.

Halafu tunasimama hapa mbele kutoa ushuhuda. Siku hizi nyumbani kwangu kuna amani, hakuna anayelalamika. Ndugu yangu, hiyo unayomshukuru Mungu kwa ajili yake ni amani, au ni waya umeuunga?

Leo sitawaita mbele kuombewa. Nawaomba jambo gumu kuliko hilo. Yupo mtu aliyekuwa akikuambia neno, na sasa ameacha. Unamjua, jina lake limeshakujia hapo ulipokaa. Pengine ameketi benchi moja na wewe. Ibada ikiisha usikimbilie kusalimia watu. Mwendee, ukae karibu naye, umwambie hivi: "Lile ulilokuwa ukiniambia, naomba uniambie tena." Kisha funga mdomo wako usikilize, wakati bado anaweza kusema.